Robo ya walionyamaza

"Naomba kuuliza jambo moja tu," ilisema sauti ya mama mdogo kutoka nyuma ya pazia. "Haya mabati mliyokaa chini yake, yalinunuliwa na nani?"

Tulikuwa wanaume tisa sebuleni, Tanga, wiki ya pili baada ya arobaini ya baba mdogo. Mama mdogo, mjane wake, alikuwa katika eda, kwa hiyo alikaa chumbani na pazia limeshushwa. Kilichoonekana ni vidole vya mguu mmoja chini ya upindo.

Baba mkubwa alikuwa amekwisha kutoa uamuzi. Kiwanja kilikuwa cha babu, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo. Mama mdogo hakujaliwa mtoto. Akimaliza eda atafunga vyake, arudi kwao Pangani, na ukoo utatafuta chochote cha kumuaga nacho kwa heshima.

Swali lake halikupata wa kulipokea. Mtu mmoja alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani, akaikoroga tena. Ami wa Korogwe alitazama simu ambayo haikulia. Mimi nilitazama kikombe changu. Kilichorwa ua la waridi, na ukingo wake umemeguka kidogo karibu na mkono.

Sote mle ndani tulijua jibu.

Yalinunuliwa na vitumbua. Kwa miaka kumi na minane mama mdogo aliamka saa tisa usiku kuwasha jiko, na saa kumi na mbili sinia lake lilikuwa tayari liko njia panda, limefunikwa kwa kawa. Baba mdogo alikuwa kibarua wa bandarini. Siku kuna meli, siku hakuna. Tofali walichangiana. Mabati aliyanunua yeye.

"Mambo haya ni mazito," baba mkubwa alisema mwishowe. "Tusiyachokonoe. Al-Fatiha."

Tukainua mikono.

Nami niliinua.

Chumvi

Basi la kurudi Dar lilikuwa limesimama Segera, wauza machungwa wamezunguka madirisha, ndipo nilipomkumbuka Ba.

Ba alikuwa bibi wa jirani zetu Wahindu, Ngamiani, nilipokuwa mtoto. Wajukuu zake walimwita Ba, nasi watoto wa mtaa tukamwita hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara haikuwa bado na kituo chake cha televisheni, lakini nyumba ile ilikuwa na deki, na jamaa zao walikuwa wakiwaletea mikanda ya tamthilia ya Mahabharata, utenzi mkongwe wa Wahindu, iliyokuwa imeonyeshwa India kati ya 1988 na 1990. Tulivua ndala mlangoni, tukakaa sakafuni. Ba alikaa kitini na sinia la dengu mapajani, anaokota mawe, na kila tulipopotea alitutafsiria kwa Kiswahili cha Tanga kisicho na doa.

Siku moja tuliona mwanamke akiburutwa kwa nywele hadi katikati ya ukumbi wa mfalme. Ukumbi ulijaa wazee wenye ndevu nyeupe na taji. Mwanamke alikuwa akiwauliza neno, mmoja mmoja, nao walitazama chini.

"Ba, mbona wale wazee hawasemi?"

"Wamekula chumvi," akajibu bila kuinua macho kwenye sinia.

Niliridhika. Kwetu sisi mtu aliyekula chumvi nyingi ni mzee, na wale walikuwa wazee kweli. Nikadhani ameniambia kwamba wamechoka, umri umewatupa mkono.

Ba hakuwa na maana hiyo. Katika lugha za kwao, kula chumvi ya mtu ni kuishi kwa riziki yake na kubaki na deni la utiifu kwake. Wazee wale walikuwa wamekula chumvi ya Duryodhana, mwana mkubwa wa mfalme.

Imenichukua zaidi ya miaka thelathini kuisikia sentensi ile. Nimeisikia nikiwa kwenye basi, na ladha ya chai ya baba mkubwa bado mdomoni.

Nani alipotezwa kwanza

Tangu siku hiyo ni wiki ya saba, na nimekuwa nikirudi kwenye ukumbi ule kila usiku. Watu wengi wakitafuta mafunzo katika Mahabharata huenda moja kwa moja kwenye Gita, zile beti 700 ambamo Krishna, ambaye kwa Wahindu ni Mungu katika umbo la binadamu, anamfundisha Arjuna kabla ya vita. Nami nilijaribu. Lakini utenzi wenyewe unahesabiwa kufikia beti 100,000, katika vitabu 18, na mimi nimekwama kwenye kitabu cha pili, kwenye mchezo wa dadu.

Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano Wapandava, amealikwa na binamu zake Wakaurava kucheza kamari. Anayetupa dadu kwa niaba yao ni Shakuni, mjomba wao, na Shakuni hashindwi. Yudhishthira anapoteza hazina. Anapoteza ufalme. Anawaweka rehani wadogo zake mmoja baada ya mwingine, Nakula, Sahadeva, Arjuna, Bhima, na wote wanakwenda. Anajiweka yeye mwenyewe, anapotea. Kisha anamweka Draupadi, mke wao wote watano.

Mjumbe anatumwa kumwita. Draupadi yuko hedhini, amevaa nguo moja, si hali ya kutoka mbele za watu. Hakuna anayetegemea kwamba atajibu chochote. Anamwambia mjumbe: rudi ukamuulize yule mcheza kamari, alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi?

Ni swali fupi, la kisheria kabisa. Kama mume alikwisha jipoteza, basi alikuwa mtumwa wakati anamweka rehani, na mtumwa hana chake. Alipata wapi mamlaka ya kumchezea kamari mtu mwingine? Mchezo mzima umesimama juu ya swali hilo, na kila aliyemo ukumbini analijua.

Yudhishthira hajibu. Anakaa kama mtu aliyetokwa na roho.

Dushasana, mdogo wake Duryodhana, anamburuta Draupadi kwa nywele hadi ndani, naye analirudia swali mbele ya wakuu wote. Hapo Bhishma, mkubwa wa ukoo, mjuzi wa dharma kuliko wote, anasema kwamba dharma ni nyembamba. Dharma ni haki na wajibu na njia iliyonyooka kwa pamoja. Anasema asiye na mali hawezi kuweka rehani mali ya mwenzake. Lakini vilevile mke huhesabiwa yuko chini ya amri ya mumewe. Na Yudhishthira mwenyewe hajalalamika kwamba amedhulumiwa. Kwa hiyo, anasema, siwezi kulifumbua swali lako.

Mambo haya ni mazito. Tusiyachokonoe.

Nilikuwa nikiamini kwamba kunyamaza ni kufunga mdomo. Bhishma alinena, tena kwa usomi, na ndani ya maneno yake yote yale hapakuwa na jibu.

Kinachofuata ndicho wengi wanachokikumbuka. Dushasana anaivuta nguo ya Draupadi, na kila akiivuta nguo nyingine inatokea mahali pake. Katika masimulizi yanayopendwa zaidi, Draupadi anamwita Krishna, na Krishna ndiye anayezileta. Wataalamu wa Pune, India, waliotumia miaka ya 1919 hadi 1966 kulinganisha nakala za mkono za utenzi huu na kuuchapisha upya, hawakuiweka dua hiyo katika matini yao. Kwao nguo zinatokea tu, wala hatajwi anayezileta.

Siwezi kuamua baina yao, na kwa Ba jibu lilikuwa moja: ni Krishna. Ninachokiona mimi ni kwamba ukumbi ule ulijaa wazee waliojitanda mashali, na hakuna hata mmoja aliyevua lake akamfunika mwanamke. Nguo zilibidi zitoke kwingine.

Mwishowe mbweha analia ndani ya nyumba ya mfalme, kipofu Dhritarashtra anaingiwa na hofu ya nuksi, na anamwambia Draupadi aombe atakalo. Anaomba mumewe aachiwe huru, kisha ndugu wengine wanne. Anaambiwa aombe la tatu, anakataa.

Alipewa zawadi. Hukumu hakupewa. Utenzi unaendelea kwa vitabu vingine kumi na sita, unamaliza vita, unawazika watu, unafika mpaka mbinguni, na swali lake halijibiwi.

Nilipofika hapo nililikumbuka neno la baba mkubwa. *Chochote cha kumuaga nacho kwa heshima.*

Tranka

Ingekuwa rahisi kama Bhishma angekuwa mtu mbaya.

Alipokuwa kijana aliitwa Devavrata, mrithi wa kiti. Baba yake, mfalme Shantanu, alimpenda Satyavati, binti wa mkuu wa wavuvi, na mkuu yule akaweka sharti: mtoto wa binti yangu ndiye atakayetawala. Shantanu alirudi nyumbani kimya, akakonda. Devavrata akaenda mwenyewe kwa wavuvi. Akaachia kiti. Mkuu akasema, na watoto wako je, si watakuja kudai? Akaapa kwamba hataoa maisha yake yote. Hapo ndipo alipoitwa Bhishma, mwenye kutisha, kwa kiapo chake.

Aliyekuwa radhi kuacha ufalme kwa furaha ya baba yake ndiye yule yule aliyeshindwa kuacha kiti chake cha barazani kwa ajili ya mwanamke aliyeburutwa. Nimelala na jambo hili wiki nyingi. Nadhani alizoea mno kuwa mtu wa kutimiza ahadi, hata kazi ya kupima ahadi ile inamfanyia nani nini ikawa si kazi yake tena.

Kisha kuna asubuhi ya vita, pale Kurukshetra. Majeshi yamepangwa. Yudhishthira anavua deraya, anashuka kwenye gari lake la farasi, anatembea kwa miguu mpaka kwa Bhishma aliye upande wa maadui, kumshika miguu na kumwomba baraka. Bhishma anambariki, kisha anamwambia maneno ambayo nimeyanakili kwenye daftari langu: mtu ni mtumwa wa mali, mali si mtumwa wa mtu yeyote, hiyo ni kweli, nami nimefungwa na Wakaurava kwa mali. Yudhishthira anakwenda kwa Drona, mwalimu wake. Anaambiwa maneno hayo hayo. Kwa Kripa, mwalimu mwingine, hayo hayo. Kwa Shalya, mjomba wa Nakula na Sahadeva, hayo hayo.

Wanaume wanne, asubuhi moja, na kila mmoja anamwambia aliyekuja kumwomba baraka kwamba amekula chumvi ya mwingine.

Mwaka 1996, nilipochaguliwa kidato cha kwanza, baba alikuwa ameshafariki. Baba mkubwa alikuja na tranka la bati, la kijani, amelibeba begani toka sokoni. Ndani aliweka shuka mbili, godoro jembamba lililokunjwa, sabuni ya mche, kandambili, na bahasha ya ada. Kila muhula bahasha ile ilifika, mpaka namaliza kidato cha sita. Alikuwa na watoto wake sita. Najua kuna mwaka aliuza baiskeli.

Wala hajawahi kunisimanga. Hata siku moja. Angekuwa ananisimanga ningekwisha zungumza naye siku nyingi.

Kwa hiyo pale sebuleni, mama mdogo aliposema "yalinunuliwa na nani", mimi nilisikia bahasha. Nikasikia na ule msemo unaomsubiri kila mtoto aliyesomeshwa na ukoo, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nikatazama ua la waridi.

Karna, rafiki wa Duryodhana, naye ni hivyo hivyo. Duryodhana ndiye aliyempa heshima siku ambayo wengine walimcheka kwa kuwa ni mtoto wa mwendesha gari, na ili kumfurahisha Duryodhana aliwatolea Draupadi na Wapandava maneno makali mle ukumbini. Baadaye, vita vikikaribia, anakiri kwa Krishna kwamba maneno aliyowaambia Wapandava yanamuuma. Lakini hakwenda kuwaambia wenyewe.

Nilikuwa nikijitetea kwamba mimi nina adabu, nina shukrani. Usiku mmoja, katika wiki ya nne, nililiona jambo kwa namna ambayo sijaweza kuliondoa machoni. Deni la bahasha ni langu. Na siku ile nililipa sehemu yake, mbele za watu, kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Nililipa kwa mabati ya mama mdogo.

Yudhishthira alitupa dadu. Mimi nilikunywa chai. Sote wawili tulimweka rehani mtu ambaye hatukuwa na mamlaka naye.

Hesabu ya Vidura

Kuna mtu mle ukumbini aliyesema tangu mwanzo. Vidura ni ndugu wa mfalme kwa baba, ila mama yake alikuwa mtumishi, kwa hiyo kiti hakimhusu. Alikataza mchezo kabla haujaanza. Draupadi alipouliza, Vidura aliwasihi wakuu wajibu, akawatajia mgawanyo wa dhambi pale baraza linapoona ovu lisilikemee: nusu humwendea mkuu wa baraza, robo humwendea mtenda, na robo huwaendea waliokaa pale wakanyamaza.

Nusu, robo, robo. Ni kama mirathi.

Nilisimama dirishani muda mrefu baada ya kusoma hayo. Maana robo naijua. Sote tisa tunaijua. Mke aliyefiwa na mume asiyeacha mtoto ana robo; iko katika Suratun-Nisaa, aya ya 12, tuliisoma chuoni tukiwa watoto, na ami wa Korogwe anaisomesha mpaka leo. Hiyo ni robo ya alichoacha marehemu. Mabati hayamo hata katika hesabu hiyo, kwa kuwa alichonunua mke kwa jasho lake ni chake kabla ya kifo na baada ya kifo.

Robo yake tuliiacha ipite. Robo ya Vidura tukagawana.

Najua swali litakalokuja, kwa sababu nimejiuliza mwenyewe. Mimi ni Mwislamu. Nina nini mimi na kitabu ambacho kwa mamilioni ya Wahindu ni kitakatifu, na ambacho sikukulia ndani yake, nilikitazama tu kupitia deki ya jirani? Nimeogopa kukidokoa kama mtu anayechuma embe kwenye uwanja wa watu. Nimeogopa pia kuambiwa kwamba natafuta hukumu kwa wageni ilhali yangu ninayo.

Ninayo kweli. Hadithi ya kuliondoa ovu kwa mkono, na usipoweza kwa ulimi, na usipoweza kwa moyo, niliihifadhi nikiwa na miaka tisa, na aliyenisikiliza nikiisoma kwa ghibu alikuwa baba mdogo, marehemu. Hukumu sikuikosa hata kidogo. Nilichokosa ni kujiona, na watu wale wa mbali, kwa kuwa si ndugu zangu na siogopi kuwakosea, ndio walionikalisha ukumbini nikajiona nimekaa.

Sisi husema penye wazee hapaharibiki neno. Vidura, katika kitabu cha tano, anasema hakuna baraza pasipo na wazee. Kisha anaongeza: na si wazee wale wasioinena haki. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi, maana nina miaka 43, na kwenye vikao vya ukoo sasa nakaa kitini, vijana wanakaa mkekani.

Vikarna na Yuyutsu

Kwa muda nilijifariji na Vikarna.

Vikarna ni mmoja wa wana mia wa Dhritarashtra, mdogo wake Duryodhana. Amekaa upande wa washindi. Anawasikiliza wakubwa wakikwepa, anawaomba wajibu, hawajibu. Utenzi unasema anasugua kiganja kwa kiganja, anapumua kwa nguvu, kisha anasema: mkijibu msijibu, mimi nitasema ninachokiona ni haki. Mtu aliyezama katika kamari, matendo yake hayahesabiki. Draupadi ni mke wa wote watano, hakuwa wa mmoja kumweka rehani. Yudhishthira alikuwa amekwisha jipoteza. Na aliyemtaja Draupadi kwanza kuwa rehani ni Shakuni. Kwa hiyo mimi sihesabu kwamba ameshindwa.

Ukumbi unavuma kwa sifa. Karna anasimama, anamwambia yeye ni mtoto anayesema ya watu wazima. Na Vikarna anakaa.

Nilimpenda sana. Nilianza kuandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mrefu, wenye aya ya Kurani na heshima zote, nikaona jinsi binamu zangu watakavyoweka vidole gumba chini yake. Niliusoma mara tatu. Ulikuwa mzuri.

Kisha nikaendelea kusoma, kutafuta Vikarna aliishia wapi.

Miaka kumi na mitatu baadaye vita vinapiganwa, na Vikarna yuko kwenye mstari wa Duryodhana. Amekuja na gari lake na upinde wake. Siku ya 14 Bhima, ambaye ameapa kuwaua wote mia, anamfikia na kumuua. Anaposimama juu yake, Bhima anamlilia. Anamkumbuka kwamba aliwatakia mema, na kwamba kiapo ndicho kilichomuua.

Sikuutuma ule ujumbe.

Nilichokuwa nakitaka ni dakika moja ya Vikarna: niseme neno zuri, watu wavume, dhamiri itulie, kisha nirudi mahali pangu, mwezi wa Ramadhani nikale futari kwa baba mkubwa kama kawaida, na mama mdogo awe Pangani. Neno lake Vikarna lilikuwa la haki tupu. Ila halikumgharimu kiti chake, wala halikubadilisha atalala wapi usiku ule.

Yupo mtoto mwingine wa Dhritarashtra, ambaye tamthilia ya utotoni ilimpita haraka nisimkumbuke hata sura. Anaitwa Yuyutsu, na mama yake alikuwa mwanamke wa daraja la chini kuliko la mfalme, aliyemtumikia. Asubuhi ile ile ya vita, Yudhishthira anasimama kati ya majeshi mawili na kupaza sauti: anayetaka kuja upande wetu na aje. Yuyutsu anageuza gari lake. Hatoi hotuba ndefu. Anavuka uwanja mbele ya macho ya ndugu zake wote, na ngoma zinapigwa.

Katika watoto wa kiume wa Dhritarashtra ndiye peke yake aliyebaki hai. Wapandava walipokuja kuuacha ufalme miaka mingi baadaye, waliukabidhi kwa kijana Parikshit, na Yuyutsu wakamwachia uangalizi.

Najua kwamba uhai wake haumaanishi kwamba anayevuka hulipwa. Utenzi huu haugawi malipo hivyo. Abhimanyu, mwana wa Arjuna, alikuwa kwenye haki na aliuawa akiwa kijana mdogo, amezingirwa peke yake. Kilichonishika ni ule umbali. Hatua chache za farasi kati ya mistari miwili, na watu wanakutazama mgongo.

Toka Dar hadi Tanga ni kama saa sita kwa basi.

Barazani

Jumamosi iliyopita nilipanda la alfajiri. Sikupiga simu.

Baba mkubwa alikuwa barazani, redio ndogo sikioni, kofia ameiweka gotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema? Mbona ghafla?"

Kahawa ikaletwa, na kashata. Akaniuliza watoto, akaniuliza kazi. Nilisubiri mpaka akamaliza kikombe cha kwanza.

"Baba, nimekuja kujibu lile swali la mama mdogo."

"Swali lipi?"

"La mabati."

Akazima redio. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

Tulikaa. Pikipiki ilipita, kisha nyingine. "Mimi ndiye niliyekupeleka shule," alisema, mara ya kwanza katika maisha yangu kuyasikia maneno hayo kinywani mwake. Hakuwa na hasira. Aliyasema kama mtu aliyeguswa penye jeraha.

"Ndiyo, baba. Na tranka ninalo mpaka leo." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nikaiacha itetemeke. "Mabati aliyanunua yeye. Na robo yake ya kilichobaki, wewe unaijua kuliko mimi. Shauri likifika mahakama ya mwanzo, nitasimama niseme hivyo. Nimeona ni adabu nikuambie wewe kwanza."

Hakunijibu. Adhana ya adhuhuri iliita, akainuka, akavaa kofia, akaenda msikitini bila kuniambia "twende", jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nilipokuwa mtoto. Nilimfuata kwa nyuma. Nilisali safu ya pili, nyuma ya mgongo wake.

Kisha nikaenda kwa mama mdogo. Pazia lilikuwa limeshushwa vile vile. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kiti kile kile, nikamwambia nilichomwambia baba mkubwa, na kwamba nilipaswa kukisema siku ile ile, mbele yao wote, na sikukisema.

Alikaa kimya kidogo. Kisha mkono ukatokea chini ya pazia na karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Risiti. Bati geji 30, vipande 38. Misumari ya bati, kilo 4. Agosti 2009. Wino umefifia, lakini jina lake juu pale linasomeka.

"Siku ile nilikuwa nayo," alisema. "Niliifunga pindoni mwa kanga. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu tu aseme, lete tuione."